Siku Meja Alipochagua Kioo cha Kuchorea Ramani

Vijana wangu, nitaanza na jambo ambalo nimelisema mara nyingi hadi wanangu huinuka sebuleni wakiona nafungua mdomo: chombo cha kuchorea hakichaguliwi kwa macho. Macho hudanganyika upesi, yanapenda kinachong'aa. Anayejua kuchagua ni mkono, na mkono hautoi hukumu yake dakika ya kwanza. Upe kutwa nzima, kisha uulize bega.

Nilifanya kazi katika ofisi ya ramani hapa Kampala tangu nikiwa msichana wa rula na wino hadi nikawa mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Nyinyi mnaochora kwa kidole kwenye simu mnaniuliza, "Mama Zainabu, zamani zile za wanajeshi mlikuwa na kompyuta kweli?" Tulikuwa nayo. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo la bibi harusi, na ilinung'unika kutwa kama mama mkwe wake. Lakini kompyuta haikuwa tabu. Tabu ilikuwa kuchagua kioo cha kutazamia na kifaa cha kuchorea, na hapo ndipo tulipokaribia kupotea sote.

Kwanza mjue nilifikaje kwenye meza ya wakubwa, maana nilikuwa mchoraji wa ngazi ya chini kabisa. Mimi ni mtoto wa Rubaga, nyumba yetu iko chini ya kilima cha kanisa kuu, ingawa sisi ni Waislamu. Babu wa babu yangu alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akasahau kurudi. Kwa hiyo kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni. Kwa wenzangu wengi wa Kampala kilikuwa lugha ya kambini na ya kituo cha polisi. Nikienda soko la Kalerwe nikauliza bei ya nyanya kwa Kiswahili, muuzaji alinipunguzia kabla sijaomba, kisha akachungulia nyuma yangu aone gari la jeshi limeegeshwa wapi. Dhamiri ilinisuta, nikaanza kununua nyanya kwa Kiganda na kulipa bei ya wenzangu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kasule, mchoraji mkuu. Alikuwa mwembamba, na penseli haikutoka nyuma ya sikio lake. Mkewe aliwahi kutuambia kwamba analala nayo. Alikuwa mpole hadi umharibie ramani. Mwezi wangu wa kwanza niliweka kikombe cha chai karibu na karatasi, tone likadondoka katikati ya Ziwa Viktoria, jirani na visiwa vya Ssese. Kasule akainama, akalitazama tone lile kwa heshima zote.

"Nnyabo," akaniita, kama Waganda wanavyomwita mama kwa adabu, "hiki kisiwa kina watu?"

"Hakina, ssebo," nikajibu, yaani bwana.

"Basi kifute kabla hawajahamia."

Tangu siku hiyo sijaweka chai mezani pa kazi, na nyinyi pia msiweke. Haidhuru siku hizi karatasi hakuna. Chai haijabadilika.

Ofisi yetu ilikuwa na mkurugenzi, mtu msomi na mtulivu. Siku moja wakati wa chakula cha mchana walikuja watu wawili wakamwomba awasindikize kidogo. Koti lake alikuwa amelitundika kwenye kiti. Likabaki pale, wiki baada ya wiki, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuligusa. Kuliondoa kungekuwa kusema kwamba hatarudi. Hakurudi.

Baada ya miezi kadhaa tukaletewa mkurugenzi mpya kutoka jeshini, Meja Anguyo, mtu wa kaskazini, mrefu, sauti nzito. Aliingia, akaona koti. Sote tuliinama kwenye meza zetu tukijifanya kuchora. Akalitoa kwenye kiti polepole, akalikung'uta vumbi, akalikunja, mikono ikaingia ndani na kola ikakaa juu, kama mtu anayeijua nguo. Akasema, "Hii mtu kwake wapi? Peleka kwa mama yake watoto." Kisha akakaa. Kasule alinitazama. Hatukujua tumwogope zaidi au kidogo.

Sasa, amri ikaja kwamba ramani za nchi zichorwe kwa kompyuta. Nani aliamua, sikuwahi kujua. Siku hizo maamuzi yalikuja kama mvua ya mawe. Ukisikia ngurumo, unatafuta pa kujikinga. Akaja wakala kutoka Nairobi, Bwana Mutua, viatu vinang'aa, na masanduku mawili makubwa ya mbao. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na mtambo wa kioo. Alituachia vioo vyote viwili tuvijaribu, tukichagua kimoja atuagizie.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo elimu yenyewe. Kioo cha kwanza kilichora picha upya muda wote, haraka sana hadi jicho likadhani imetulia. Pamoja nacho ilikuja kalamu ya mwanga, imefungwa kwenye waya, na nchani ina kijicho. Ukiielekeza kwenye kioo, kile kijicho kinaona mwanga, kompyuta inajua uko wapi. Ni kitu cha kupendeza. Kioo cha pili kilikuwa cha kijani, kimepoa, hakina mbwembwe. Mstari ukishachorwa juu yake unabaki hapo hapo, kama alama ya mkaa ukutani. Ubaya wake ni kwamba huwezi kufuta mstari mmoja peke yake. Ukitaka kufuta, unafuta vyote. Hicho cha pili kilikuwa na magurudumu mawili madogo ya kuzungusha kwa vidole, na pia ubao bapa wa kulaza mezani, wenye kalamu yake. Unabandika ramani ya karatasi juu ya ubao, unaifuata kwa kalamu, na mstari unatokea kwenye kioo.

Meja alituita tumweleze. Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia na kuagana. Kiswahili cha Kasule kilikuwa cha kuomba njia kwenye vizuizi vya barabarani. Ndipo mimi, wa ngazi ya chini, nikavutiwa kiti. Niliyaunda maneno pale pale, jasho likinitoka.

"Hapa kwenye kioo, afande, kuna vijistari viwili vinavyokatana. Tunaviita msalaba. Msalaba huu ndio unaoonyesha…"

"Msalaba?" Meja, Mwislamu kama mimi, akakunja uso. "Ndani ya ofisi yangu?"

"Njia panda, afande," nikasema haraka. "Tunaiita njia panda."

"Hiyo mzuri. Endelea."

Hadi nastaafu sikuweza kukiita kitu kile kwa jina jingine. Kuna vijana kadhaa niliowafundisha ambao hadi leo hawajui kwa nini njia panda iko kwenye kompyuta.

Mutua akampa Meja kalamu ya mwanga. Meja akainyoosha, nukta ikawaka kwenye kioo. Akaisogeza, nukta ikamfuata. Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza tulimwona meno.

"Hii ni bunduki!" akasema. "Mimi napiga, kioo inaitika!"

Alasiri ile ile tulimsikia kwenye simu, mlango wazi. "Ndiyo, afande. Kalamu, ndiyo. Inawaka, afande." Mutua akavuka korido akipiga mluzi. Kioo kile kilikuwa cha bei kubwa kuliko kingine.

Kasule hakupiga mluzi. Alijifungia siku mbili akaandika ripoti kwa Kiingereza, kwa mwandiko wake wa ramani. Nilimsihi asiandike. Nilimkumbusha koti.

"Nnyabo," akaniambia, "lamani mbaya inaua watu polepole. Askali anaua haraka. Ni hayo tu." Kasule, kama Waganda wengi, aliiketisha *l* kwenye kiti cha *r*.

Meja akatuita. Akanisukumia ripoti. "Mama, soma kwa Kiswahili."

Nikaitazama sentensi ya kwanza. Ilisema kwamba kuchagua kalamu ya mwanga ni uamuzi wa mtu ambaye hajawahi kuchora hata banda la kuku. Nikaisoma mara ya pili. Kasule alikuwa kando yangu, shingo imenyooka, yuko tayari kufa kwa ajili ya banda la kuku.

"Mchoraji mkuu anasema," nikaanza, "kwamba uamuzi huu ni mzito, unataka mtu mwenye mkono."

"Kweli," akasema Meja.

Sentensi ya pili ilisema kwamba anayeitaka kalamu ile aishike mwenyewe kutwa nzima, tuone kama atabaki na bega.

"Anaomba heshima ya kumwona Meja mwenyewe akiijaribu. Kutwa nzima."

"Yeye anaomba hiyo?"

"Kwa unyenyekevu, afande."

Meja akaichukua ile ripoti, akaigeuza nyuma na mbele. Kurasa tano. "Karatasi nyingi. Maneno yako kidogo."

"Kiingereza kina maneno mengi ya bure, afande."

Akafikiri. "Hata mimi naona hivyo," akasema. "Kesho mimi tajaribu."

Koridoni Kasule alinishika mkono. "Amekubali? Kwa lipoti yangu ile?"

"Kwa ile ile, ssebo."

"Kumbe ni mtu wa busala!" Alifurahi mno, nikaona haya kumwambia.

Kesho yake saa tatu asubuhi Meja alivua kofia akaketi mbele ya kioo cha kwanza. Kazi aliyopewa ni kuchora ufuko wa ziwa kutoka Entebbe hadi Jinja, na visiwa vyote, hata vile vya Ssese. Mtu asiyewahi kuchora ufuko ule hajui matusi yanatoka wapi. Kila unapodhani umefika, ghuba inakurudisha nyuma.

Mwanzo alikwenda kwa mbwembwe. Halafu mkono ukaanza kushuka. Kioo kimesimama wima, nao mkono unaelea hewani, hauna pa kuegemea. Akabadili mkono wa kushoto, ufuko ukapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Akarudi kulia, akashikilia kiwiko kwa mkono mwingine. Mwishowe sajini wake akasogea, akakibeba kile kiwiko kwa viganja viwili kama anayebeba yai. Basi wakachora hivyo wanajeshi wawili, mmoja anachora na mwingine anabeba. Mutua alikuwa akitazama dari.

Walipofika visiwani picha ikaanza kutetemeka. Mistari ilikuwa imezidi, na kioo hakikuwahi kuichora yote upya kabla jicho halijagundua.

"Kwa nini Ssese inaogopa?" Meja akauliza.

"Ni mistari tu, afande," Mutua akasema. "Tukipunguza visiwa kidogo, itatulia."

"Visiwa havipunguzwi!" Ilikuwa sauti ya Kasule, kwa Kiswahili, kubwa mno. "Viko huko! Vina watu!"

Hata kompyuta, ningeapa, iliacha kunung'unika. Sajini akakiachia kiwiko. Meja akageuka taratibu akamtazama Kasule, nami nikawa natafuta tafsiri ya jambo ambalo tayari lilikuwa limesemwa kwa Kiswahili.

"Kweli," akasema Meja. "Watu iko." Akaitua kalamu. "Lete ile ingine."

Tulianza na magurudumu. Moja linapeleka njia panda kulia na kushoto, jingine juu na chini. Kwa kuonyesha nukta moja yanafaa sana. Kwa kufuata ufuko, ni kama watu wawili waliovaa suruali moja. Kila mmoja ana safari yake. Meja aliyavumilia hadi ghuba ya pili, akatukana kwa lugha ya kwao, akayaacha.

Ndipo tukamlazia ubao mezani, tukabandika ramani kwa gundi ya karatasi. Akashika kalamu yake nyembamba. Akakunja mikono ya shati. Akainama.

Hatukumsikia tena. Ncha ya ulimi wake ilitokeza pembeni mwa mdomo, mkono umelala juu ya ubao, na kalamu inateleza kwenye ghuba moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma. Kwenye kioo cha kijani ufuko ukaota kimya kimya, haukutetemeka. Adhana ya alasiri iliposikika alikuwa amefika Jinja na visiwa vyote ameviacha mahali pake. Kasule aliuinamia mstari ule muda mrefu, akitafuta kosa.

"Nani amemfundisha?" akaninong'oneza.

Meja alisikia. "Mimi nilikuwa fundi cherehani," akasema. "Kwetu Arua. Kabla ya jeshi. Kanzu, suti, yote." Akagonga ubao kwa kidole. "Hii ni chaki juu ya kitambaa. Kitambaa inalala, wewe unakata. Nani anakata kanzu imening'inia ukutani?"

Baadaye nilisoma vitabu vingi kuhusu vifaa vya kuchorea, vingine vizito kama tofali. Sijaona kilichoeleza jambo hilo vizuri zaidi. Kitu cha kuonyeshea, kinaweza kusimama. Kitu cha kufanyia kazi kutwa, kilale.

Tulikuwa tumeanza kutabasamu uso wa Meja ulipobadilika. Akaketi.

"Lakini mimi nimesema kwa mkubwa kalamu inawaka. Alhamisi anakuja kuona."

Mkubwa wake alikuwa brigedia. Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Kumbe hata yeye alikuwa na mtu wa kumwogopa, na hofu yake ilikuwa inafanana kabisa na yetu, ila imevaa buti.

"Kalamu ya ubao haiwaki," Mutua akasema kwa huzuni. Nadhani bado alikuwa na matumaini na ile ya bei kubwa.

Kasule akaitoa penseli sikioni, akaitazama. "Kwani taa inabadilisha lamani?" akauliza.

"Haibadilishi," nikasema.

"Basi iwake."

Nikamwomba Mutua pasi ya kuchomelea nyaya. Nikachukua balbu ndogo ya tochi, nikaifunga kwenye shingo ya kalamu, waya nikaupitisha pamoja na waya wake hadi chini ya meza, kwenye betri na swichi ya kukanyaga kwa mguu. Kalamu ikigusa ubao, nakanyaga, balbu inawaka. Siwafundishi udanganyifu, vijana. Nawafundisha kwamba mtumiaji na mnunuzi si lazima wawe mtu mmoja, na kila mmoja ana haja zake.

Alhamisi brigedia akaja, mnene, na askari wanne. Mimi niliketi pembeni ya meza, mguu kwenye swichi, uso wa mtu mwema. Brigedia akachukua kalamu, akagusa ubao. Nikakanyaga. Balbu ikawaka.

"Aaa!" akasema. Meja akapumua.

Akachora mstari, akachora mwingine, akachora kitu alichosema ni ng'ombe. Kisha akakunja uso. "Pembe si mzuri. Futa pembe."

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, na ni kosa la kila fundi: tulikuwa tumetayarisha kila kitu isipokuwa mgeni kukosea. Kioo kile hakifuti pembe peke yake. Tena kikifuta, kinalipuka mwanga wa kijani kioo kizima, mara moja, kama radi. Sisi tulikuwa tumeshauzoea. Kasule, kwa adabu zote, akabonyeza kitufe.

Chumba kikawa kijani.

Nilichoona baada ya hapo ni vipande vipande. Brigedia yuko sakafuni nyuma ya kabati la mafaili, askari mmoja kamlalia. Mutua yuko chini ya meza, kaukumbatia mguu wangu. Bunduki tatu zimekokiwa, zote zinamtazama Kasule, naye mikono juu, penseli bado sikioni.

"Nani amepiga picha?" askari mmoja akafoka.

Mutua, kwa kutetemeka, akausukuma mguu wangu. Balbu ikawaka ikazimika.

"Ingine iko!"

Nilitaka kusema. Lugha ya jikoni kwetu, lugha niliyonyonya pamoja na maziwa, ikanikimbia yote. Na hapo Meja Anguyo akafanya jambo ambalo nimelifikiria miaka yote. Alipita mbele ya bunduki zile, akasimama akamkinga Kasule kwa mgongo wake.

"Hakuna picha," akasema. "Hii mashine mimi nimechagua. Kama iko makosa, makosa ni yangu. Huyu mzee, kazi yake ramani."

Mtutu mmoja ulikuwa kifuani pake. Sauti ikanirudia, nyembamba kama ya kitoto. "Ni ubao umefutwa, afande. Kama wa shule. Mwalimu akifuta, anafuta wote."

Meja akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akabonyeza kitufe. Kijani. Askari wakaruka. Akabonyeza tena. Kijani. Safari hii aliruka mmoja tu.

Brigedia akainuka nyuma ya kabati, magwanda yamejaa vumbi. Akaja polepole hadi kwenye kioo. Akamsukuma Meja kando. Akabonyeza mwenyewe. Kijani. Akabonyeza tena, na tena, na mara akaanza kucheka, kitambi kikitikisika, akibonyeza bila kukoma, huku Mutua chini ya meza akinong'ona, "Itaharibika, jamani, itaharibika."

"Hii ya kufuta wote ndiyo naipenda," brigedia akasema, akijipangusa machozi ya kicheko. "Hata mimi ofisini kwangu nataka moja."

Tukacheka sote, kila mtu kwa sababu yake. Nilitazama kiti cha mkurugenzi, kile cha koti, nikacheka kwa sauti zaidi ili nisilie.

Idhini ilitolewa siku ile ile. Walipoondoka, Kasule alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akabaki hapo hadi chai ya saa kumi. Meja aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, hakutoka hadi tulipoondoka. Hakuna aliyemshukuru. Tungemshukuru vipi? Wakati ule hata shukrani ilihitaji mtu wa kuitafsiri.

Masanduku yetu tuliyoagiza yalichukua muda mrefu kufika. Meja hakuyaona, alihamishwa kabla, wengine wakasema kaskazini, wengine hawakusema kitu. Sisi tukafanya kazi. Kwa ubao ule nilifuata mipaka, mito na barabara, kutoka Mutukula hadi Moroto, nikirudi nyumbani jioni na bega langu zima. Mtambo ule wa kalamu ya mwanga nilisikia ulinunuliwa na ofisi nyingine mjini. Wachoraji wake walijulikana kwa namna walivyobeba mikono yao.

Kisha vikaja vita, na utawala ule ukaanguka. Siku ya fujo watu waliingia ofisini wakachukua viti, mashine za kupiga chapa, hata mlango wa choo. Kioo walidhani ni televisheni, wakakibeba hadi ngazini, kikawashinda uzito. Ubao hawakuugusa, nani anaiba meza isiyo na miguu?

Wiki chache baadaye alikuja kapteni wa Kitanzania, kijana mwenye Kiswahili laini kama hariri, na orodha. Alitumwa kuandika mali yote iliyonunuliwa na wanajeshi waliokimbia, na nani alihusika. Nikaitwa tena kutafsiri, ingawa safari hii nilikuwa natafsiri Kiganda cha ofisi nzima.

"Mtambo huu," akasema, akigusa kioo, "nani aliuchagua?"

Siku zile, kutamka jina la meja wa jeshi lile kwa wema kulikuwa kama kujifunga kengele shingoni. Watu walikuwa wanapigwa barabarani kwa kutoka kaskazini tu. Ingekuwa rahisi kusema hatujui. Ingekuwa rahisi zaidi kusema tulichagua sisi, wataalamu, na sifa tukazichukua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, sijui niseme nini.

Kasule akasimama. Hakunisubiri.

"Aliuchagua Meja Anguyo," akasema kwa Kiswahili chake. "Alikuwa fundi wa nguo. Alichagua vizuli."

Kapteni akanigeukia. "Anasemaje, mama?"

"Hivyo hivyo alivyosema, afande. Sina la kuongeza."

Kapteni akamtazama yule mzee mwembamba, kisha akaandika jina la Meja kwenye orodha, akataka kugeuza ukurasa. Kasule akasogea, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Na *vizuli*," akasema. "Andika na *vizuli*."

Alisimama pale, kidole hakikuondoka, hadi kalamu ya kapteni ikarudi kwenye mstari ule. Nilichungulia begani kwake. Aliandika kama alivyosikia, kwa *l*.